Shajara ya mradi: Laozi kwenye chati ya dola na yeni

Aprili 2024, wiki ya mwisho

Wadau, mradi ndo huu. Natredi forex, yaani kununua na kuuza sarafu, peya (jozi) moja tu, dola na yeni, akaunti ya dola 700 hela ya kweli sio demo, alafu sheria zote za lini naingia, lini nakaa pembeni na lini natoka nimezitoa kwa wazee wawili wa falsafa wa Kichina, Laozi na Zhuangzi, naandika hapa kinachotokea mpaka Septemba iishe. Sio dini na sio uganga. Strateji yenyewe ni ya kawaida kabisa, naangalia trendi kwenye chati ya siku, bei ikirudi nyuma kidogo natafuta pa kuingilia kwenye chati ya masaa manne, stopu losi (bei ya kutokea ikienda vibaya) inawekwa hapo hapo na faida naichukua ikifika mara mbili ya nilichoweka rehani, yaani hela niliyokubali kuipoteza. Hiyo siigusi. Kinachojaribiwa ni mkono wangu, unatulia au hautulii.

Kwa nini hawa wazee na sio wale makocha wa saikolojia ya soko? Makocha wote wanakwambia jikaze, uwe na nidhamu, ukiteleza jikaze zaidi. Laozi anakuja upande mwingine kabisa, hakwambii ujikaze, anakwambia upunguze. Kitabu chake, Dao De Jing, kina sura 81 fupi fupi, maandishi kama elfu tano ya Kichina, unamaliza jioni moja kisha unarudia mwaka mzima. Nakala ya zamani zaidi iliyopatikana iko kwenye vipande vya mianzi, ilitoka kwenye kaburi huko Guodian mkoa wa Hubei mwaka 1993 na inakadiriwa ni ya mnamo 300 KK, kwa hiyo hakuna atakayeniambia mzee kaandika ili auze kozi.

Na wiki yenyewe ya kuanzia imekuja na fujo zake. Jumatatu tarehe 29 Japani walikuwa sikukuu, soko jepesi, alfajiri ya huku kwetu dola ikagusa yeni 160, bei ambayo haijaonekana toka 1990, alafu ndani ya masaa machache ikaporomoka mpaka 154 na kitu. Wizara ya fedha ya Japani imekaa kimya ila kila mtu anajua nani kaingia sokoni kununua yeni ili ipande. Sijaweka oda yoyote wiki hii. Kwenye meza yenye mchezaji wa aina hiyo wewe wa dola 700 unakaa unaangalia.

Mei

Mwezi wa kupunguza. Sura ya 48 inasema anayetafuta elimu kila siku anaongeza kitu na anayeifuata Njia (ndo hiyo Dao) kila siku anapunguza kitu, anapunguza tena na tena mpaka afike kwenye kutolazimisha, ile wanaiita wu wei. Sura ya 12 nayo inasema rangi tano zinapofusha macho, mbio za kuwinda zinavuruga akili. Sasa fungua chati ya treda yeyote wa Bongo uone hizo rangi tano za vipimo: RSI chini, MACD chini yake, Bollinger, muvingi avareji (mistari ya wastani wa bei) tatu za rangi tofauti, vimshale vya kununua na kuuza alivyopewa na jamaa, kwa bei ambayo ni ile ile moja.

Nimefuta vyote nikabakiza muvingi avareji moja ya siku 50 na mistari miwili mitatu ya bei niliyochora mwenyewe. Grupu za Telegram za signali nimetoka zote. Dhahabu, ambayo huku kila treda anaililia, nimeitoa kwenye orodha, pauni nimeitoa, zile peya za ajabu za lira na randi ndo kabisa. Programu ya broka nimeitoa kwenye simu, ipo kwenye laptopu tu, na laptopu inafunguliwa saa nne asubuhi London inapoamka na saa tisa alasiri New York inapoanza, basi. Kati ya hapo nina kazi zangu.

Hii ya simu ndo imebadilisha mambo kuliko zote na sikuitegemea. Zamani ukiwa kwenye daladala unatoa simu unaona oda iko hasi dola tatu, unaweka mfukoni, kituo kinachofuata unatoa tena, sa hizi hasi nne, mkono unaanza kuwasha, unasogeza stopu "kidogo tu". Hapo nidhamu haina nafasi maana umeshajiweka kwenye mtihani mara arobaini kwa siku. Bila simu mtihani haupo. Mimi nafikiri Laozi ndo alikuwa anasema hivyo muda wote, mtu aliyetulia hana misuli ya kujizuia kukuzidi wewe, ana vitu vichache vya kujizuia navyo.

Kuhusu hesabu ya kuweka rehani, ni asilimia 1 kwa oda na hapo sibishani na mtu, chukua kalkuleta mwenyewe. Ukipoteza mara kumi mfululizo kwa asilimia 1, akaunti imeshuka chini kidogo ya asilimia 10 na unahitaji kama 11 kurudi ulipokuwa. Ukiwa unaweka asilimia 10 kwa oda, kumi hizo hizo zinakuacha na asilimia 35 ya hela yako, na hapo ili urudi lazima karibu uizidishe mara tatu. Na kumi mfululizo sio laana ya kurogwa, ukitredi muda mrefu na mfumo unaoshinda mara nne kwenye kumi zitakuja tu. Sura ya 76 inasema kigumu na kikakamavu ni rafiki wa kifo, laini ni rafiki wa uhai. Akaunti ya asilimia 1 ni laini. Inapigwa inanyanyuka.

Mwezi huu oda imekula stopu, hasi kama dola 7. Ilikuwa ndani ya sheria zote, nikafunga laptopu nikaenda kula.

31 Mei

Wizara imetoa hesabu yao leo, wametumia yeni trilioni 9.79 toka mwisho wa Aprili. Kumbe ndo wao kweli. Na bei iko 157, yaani imerudi karibu ilikokuwa.

Juni

Hapa namwita Zhuangzi, kwa sababu Laozi anafundisha kupunguza ila Zhuangzi ndo anaijua tumbo joto. Sura yake ya 19 ina maneno ya mpiga upinde: akishindania kigae anapiga vizuri, akishindania kishikizo cha mkanda wa chuma anaanza kuwa na wasiwasi, akishindania dhahabu haoni. Ufundi ni ule ule, kilichobadilika ni kilichowekwa mezani. Sijaona mtu aliyeeleza vizuri zaidi ya hapo kwa nini demo watu wote ni mabingwa na hela ya kweli ikiingia wanaunguza akaunti. Tiba yake wengi wanasema uzoefu, utazoea. Mimi naona tiba ni kuirudisha dhahabu iwe kigae, yaani kiasi kinachowekwa rehani kiwe kidogo hadi mkono usijue tofauti. Dola 7 kwangu ni kigae. Dola 70 ingekuwa dhahabu na nisingeiona chati, ningeona ada ya mtoto.

Mfano wenyewe huu hapa. Jumatano tarehe 12 siku moja imebeba vitu viwili vizito, mfumuko wa bei Marekani saa tisa na nusu alasiri na uamuzi wa riba wa Fed, benki kuu ya Marekani, usiku wake. Bei ikachapwa mpaka 155.7 ikageuka. Siku hiyo sikugusa. Vumbi lilivyotulia (sura ya 15, nani anaweza kukaa kimya mpaka matope yatuame) trendi ya siku bado ilikuwa inapanda, nikanunua 156.60, stopu 155.50, loti 0.01. Kwa peya hii loti 0.01 ni dola elfu moja, kila pipsi, yaani 0.01 ya bei, ni yeni 10, kwa hiyo pipsi 110 ni yeni 1,100, ambayo ni dola 7 na senti. Lengo 158.80.

Ikakaa wiki. Kuna jirani yangu tulianza naye haya mambo, akanikuta kibarazani akauliza, "Kaka, oda moja wiki nzima? Hiyo biashara au kufuga kobe?" Nikamwambia, "Ndugu yangu, kobe hanidai kitu, mwache." Tarehe 20 lengo likaguswa, nikapata kama dola 14, na juu yake kila usiku nililipwa vijisenti vya swapi (riba ya kulaza oda) maana riba ya dola iko 5.25 mpaka 5.50 na ya yeni iko karibu na sifuri. Kumbuka hiyo swapi, itarudi.

Julai

Mwezi wa kuangalia wengine wakila. Nimetoka 158.80 na bei ikaendelea kupanda kama haijasikia, 160, 161, mwanzoni mwa mwezi ikafika karibu 162. Jirani kaniletea skrinshoti za watu. Kila mtu kanunua, kila mtu anakula swapi, watu wanasema yeni imekufa. Sura ya 9 inasema ukiendelea kumimina mpaka pomoni bora ungeishia njiani, na ya 44 inasema anayejua kinachotosha hafedheheki, anayejua pa kuishia hapati hatari. Maneno mazuri, lakini nisiwadanganye, kukaa nje ya trendi iliyokupa faida inauma kuliko hasara. Hasara ina stopu, hii haina.

Sheria ilitaka bei irudi nyuma ndo niingie tena, na haikurudi. Basi sikuingia.

Alhamisi tarehe 11, saa tisa na nusu alasiri, mfumuko wa bei Marekani ukatoka chini ya walivyotegemea, na Wajapani wakaingia nao hapo hapo. Toka 161 na kitu mpaka 157.4 kabla chai haijapoa. Wiki iliyofuata bei ikafunga chini ya mstari wangu wa siku 50, kwa hiyo kununua nimeshafungiwa. Kuuza nako bado, kwa sababu sheria inataka mstari wenyewe uwe umeshainamia chini na ulikuwa bado unapanda.

Jirani yeye akauza. Hana mstari, hana Laozi, kaona tu mambo yamegeuka akauza.

5 Agosti

Naandika hii usiku. Jumatano iliyopita tarehe 31 Julai, karibu saa moja asubuhi ya kwetu, Benki Kuu ya Japani ikapandisha riba mpaka asilimia 0.25. Ijumaa ripoti ya ajira Marekani ikatoka mbovu, ukosefu wa ajira asilimia 4.3. Watu dunia nzima waliokuwa wamekopa yeni rahisi wakanunua vitu vya dola wote wakataka mlango mmoja kwa wakati mmoja. Leo Nikkei, kipimo cha soko la hisa la Japani, imefunga chini asilimia 12.4, anguko ambalo halijaonekana toka 1987, na dola imegusa 141.7.

Piga hesabu ya aliyenunua 161 akakomaa nayo bila stopu kwa sababu "inalipa swapi". Yeni 19 za kushuka, kwa loti 0.01 ni yeni 19,000, kama dola 134. Akiwa na akaunti kama yangu anaumia ila anapumua. Akiwa na loti 0.05, ambayo kwa dola 700 broka wengi wanakuruhusu hata bila kukuuliza, ni kama dola 670. Kwisha. Swapi yote imerudishwa na riba yake.

Mimi sina oda. Sijapoteza na sijapata. Jirani kapata, tena vizuri, kaja na soda mbili akaniambia, "Kaka, mwambie huyo mzee wako wa Kichina mvua imenyesha na yeye kafunga madumu." Sina jibu la maana la kumpa. Sura ya 23 inasema kimbunga hakimalizi asubuhi na mvua ya ghafla haimalizi siku, na kweli kesho yake au keshokutwa hii kitu itarudi juu, lakini aliyekinga mvua kakinga. Nimeandika tu kwenye daftari: sheria imefuatwa, oda hakuna.

Katikati ya Agosti

Bei imerudi mpaka 149 baada ya naibu gavana wa Benki Kuu ya Japani, Uchida, kusema tarehe 7 kwamba hawatapandisha riba soko likiwa limechafuka. Mstari wa siku 50 sasa umegeuka chini. Ijumaa tarehe 16 nikauza 148.60, stopu 149.65, Jumatatu ikawa imepita lengo langu la 146.50. Dola 14 nyingine. Hii haina hadithi.

Nina hoja ya kuweka hapa maana naona meseji zinakuja za watu wanataka nianze kuwafundisha "Dao ya forex". Jamani hapana. Utulivu hautengenezi faida. Kama mfumo wako kwa wastani unapoteza, ukiwa mtulivu utapoteza kwa utulivu. Mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilipobana levereji (mkopo wa broka unaokuza oda) mwaka 2018 ikaweka mwisho wa 30 kwa 1 kwenye peya kubwa, ilisema kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo wanapoteza, na sidhani wote hao wamekosa subira tu, wengi hawana kitu cha kusubiria. Ushinde mara nne kwenye kumi, kila ushindi uwe mara mbili ya hasara, hapo unabaki na faida ndogo kwa wastani, na ndo hiyo faida ndogo utulivu unailinda isiliwe na mkono wako mwenyewe. Kazi yake inaishia hapo.

Na kuna swali la ndani zaidi, hivi Laozi angekubali kutredi? Sura ya 46 inasema hakuna balaa kuzidi kutojua kinachotosha. Sura ya 41 inasema mjinga akisikia habari za Njia anacheka kwa sauti. Nahisi hapa mzee ndo angecheka.

Zhuangzi labda angenivumilia, kwa ajili ya mpishi Ding, yule mchinjaji wa bwana Wenhui aliyetumia kisu kimoja miaka 19 na makali yake bado kama kimetoka kunolewa. Mpishi wa kawaida anabadilisha kisu kila mwezi maana anakata mifupa, mpishi mzuri kila mwaka, Ding anapitisha kisu kwenye uwazi kati ya viungo. Watu wanapenda kunukuu hapo wanaishia. Mimi napenda panapofuata, anaposema akifika penye fundo gumu anaona ugumu wake, anakaza macho, mwendo unapungua, kisu kinasogea kidogo kidogo. Yaani hata yeye na ubingwa wake anajua ng'ombe wote hawafanani. Ndo maana siku ya Fed laptopu imefungwa.

Mwanzo wa Septemba

Sasa ile swapi. Jumatano tarehe 28 Agosti niliuza tena, 144.70, stopu 145.80. Wazo lilikuwa sahihi na sheria zote zilitimia. Ikazunguka zunguka, Ijumaa ikapanda ikala stopu, hasi dola 7 na nusu, wiki iliyofuata bei ikashuka mpaka 142 kama nilivyotaka, bila mimi. Hiyo ni kawaida na sio nayotaka kuisema.

Ninachotaka kusema ni kile kiasi kidogo kilichokuwa pembeni ya hasara. Ukinunua dola kwa yeni unalipwa swapi, ukiuza unalipa wewe. Kwa dola elfu moja tofauti ya riba ni kama senti 14 kwa usiku, broka anaongeza yake juu, na usiku wa Jumatano wanakata mara tatu kwa ajili ya wikiendi. Kwa hiyo siku mbili nilizokaa nililipia za siku nne. Senti tu, ndio, ila ipeleke kwa miezi: ukikaa na oda ya kuuza mwaka mzima riba peke yake inakula zaidi ya asilimia 5 ya thamani ya oda hata bei isiposogea.

Hapa ndo nimeona kitu ambacho sikukiona Aprili. Siku zote nilikuwa nasema subira kama kitu kimoja, kumbe sokoni ziko mbili. Kusubiri ukiwa nje, huna oda, ni bure kabisa, unaweza kukaa mpaka mvi ziote hakuna anayekutumia bili. Kusubiri ukiwa ndani kuna bei kila usiku, mara inakulipa mara inakukata, na ile inayokulipa ndo hatari zaidi maana ndo iliyowafuga watu 161 mpaka 141. Subira yavuta heri sawa, ila subira ya ndani ya oda inavuta swapi. Nikirudi kwa wazee naona karibu mifano yao yote ni ya subira ya nje: matope yatuame ndo unywe, jogoo wa kupigana wa Zhuangzi anayefundishwa siku kumi baada ya siku kumi, mfalme anauliza yuko tayari, hapana, bado ana kiburi, bado anashtuka akiona kivuli, mpaka akawa kama jogoo wa mbao ndo wakasema yuko tayari. Hawajamwingiza kwanza wakamwambia avumilie.

(Wenye akaunti ya Kiislamu isiyo na swapi mtasema haiwahusu. Angalieni ada za siku za oda na spredi zenu (tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza), broka sio mjomba wenu.)

Septemba, wiki ya mwisho

Tarehe 16 dola ilishuka chini ya 140, tarehe 18 Fed ikakata riba nusu asilimia nzima mpaka kati ya 4.75 na 5.00, alafu bei badala ya kushuka ikapanda. Sikuwa na oda siku hiyo kwa sheria ya Ding.

Akaunti iko juu kidogo, haifiki asilimia 3 kwa kipindi chote. Jirani yuko juu kunizidi kwa mbali na sa hivi anatredi dhahabu loti 0.10, namuombea. Daftari langu lina safu moja ninayoijali, imefuatwa au haijafuatwa, na imejaa imefuatwa, ila kwa oda chache hivi sio ushahidi wa chochote, labda mwakani wakati huu ndo tutaongea.

Mabadiliko kwa awamu inayofuata: oda ya kuuza haifunguliwi Jumatano. Oda yoyote ambayo imekaa siku tano haijafika nusu ya lengo inafungwa, hata ikiwa inanilipa swapi. Loti inabaki 0.01. Uchaguzi wa Marekani ni tarehe 5 Novemba, wiki hiyo laptopu naiazimisha kwa shemeji amalizie ripoti yake ya chuo.